Mpiga Nyuzi wa Dawida: Fadhili William na Swali la Mtunzi

Mlima unaoinuka kusini mwa mji wa Voi hujulikana zaidi siku hizi kwa jina la Sagalla. Wasafiri na wamisionari wa karne ya 19 waliuandika katika vitabu vyao kwa jina la Ndara, na jina hilo halijafa katika sehemu hizo. Anayesimama kwenye mteremko unaotazama mji huona kwa mtazamo mmoja mambo ambayo mwanahistoria angehitaji sura tatu kuyaeleza: njia ya reli iliyopita hapo mwishoni mwa karne hiyo ikielekea bara, mashamba ya mkonge yaliyokuja nyuma ya reli, na ng'ambo ya uwanda, upande wa magharibi, milima ya Dawida. Kizazi cha Wataita waliozaliwa kati ya vita viwili vikuu kilikulia katikati ya mambo hayo matatu. Mlimani kulikuwa na ardhi na mifugo, uwandani kulikuwa na kazi ya mshahara, na reli iliwachukua wale ambao mlima na uwanda havikuwatosha.

Mmoja wa kizazi hicho ni Fadhili William Mdawida, aliyezaliwa Taita mwaka 1938. Jina lake la mwisho ni anwani kamili: Mdawida ni mtu wa Dawida, na hakuna mzaliwa wa sehemu hizo atakayelisikia asijue mwenye jina ametoka wapi. Walio wengi, hata hivyo, wamelifupisha. Kwenye santuri na katika magazeti alikuwa Fadhili William tu, jina ambalo lingeweza kuwa la mtu wa Mombasa, wa Tanga au wa Pumwani. Kupotea kwa neno hilo moja kunastahili kukumbukwa, kwa kuwa maisha yake yote ya kazi yalikuwa ni kisa cha jina: nani aandikwe, aandikwe wapi, na kwa malipo gani.

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili wimbo wa gitaa umekuwa mtoto wa kambo. Utenzi umepata wahariri wake, shairi la arudhi limepata watetezi na wapinzani wake, na riwaya imeandikiwa tasnifu zisizohesabika. Taarab nayo ilipata bahati mapema. Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, aliandikiwa wasifu na Shaaban Robert mwenyewe, heshima ambayo waimbaji wachache sana wa Afrika Mashariki wamewahi kuipata. Lakini hata katika bahati hiyo, waliokaa nyuma ya Siti na udi na fidla wamebaki kivulini. Sauti huwa na jina. Nyuzi mara nyingi hazina. Wapiga gitaa wa Kenya wa miaka ya 1950 na 1960 hawakupata Shaaban wao. Kinachojulikana kuhusu wengi wao kimetoka kwenye karatasi zilizobandikwa katikati ya sahani za santuri, kwenye mahojiano ya uzeeni, na kwenye taarifa za misiba.

Ni kosa kudhani kwamba gitaa liliwakuta Wataita wakiwa hawana muziki wa kulipokea. Ngoma ya mwazindika, pamoja na uganga wa pepo unaoambatana nayo, ilikuwako kabla ya reli na ingalipo. Upande wa Ndara, mmisionari J. A. Wray wa Church Missionary Society alianza kazi mwaka 1883, na pamoja na dini zikaja nyimbo za kanisa, ambazo huimbwa kwa sauti kadhaa zinazokwenda pamoja. Kanisa Katoliki lilifuata Bura mwaka 1892. Hivyo mtoto wa Taita wa miaka ya 1940 aliweza kuwa na masikio mawili: moja la ngoma, ambamo mapigo hupishana, na jingine la kwaya, ambamo sauti hupangwa juu ya sauti. Gitaa linahitaji masikio yote mawili. Kidole gumba hushika mapigo kwenye nyuzi nene, na vidole vingine hupanga sauti kwenye nyuzi nyembamba. Labda hii ni sababu mojawapo ya chombo hicho kuzoeleka upesi kiasi kile katika nchi ambayo hakikutoka.

Nani aliwafundisha? Swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu jibu lake si jina la shule. Nairobi ilikuwa na chuo cha muziki tangu mwaka 1944, Kenya Conservatoire of Music, lakini wapiga gitaa wa nyimbo za Kiswahili hawakutoka huko. Elimu yao ilikuwa ya macho. Mwanafunzi alikaa mbele ya anayejua, akatazama vidole, akaenda zake, akajaribu mpaka nyuzi zikamkata ngozi. Baadhi ya waliojua walikuwa wamevitoa vidole hivyo vitani. Fundi Konde, mzaliwa wa pwani mwaka 1924, alikuwa katika kikundi cha kuwatumbuiza askari wa Afrika Mashariki huko Asia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na aliporudi akawa mmoja wa mafundi wa kwanza wa gitaa waliorekodiwa Kenya. Wengine walitoka magharibi. Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville mwaka 1952, aliishi Nairobi kwa muda mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwenzake Edouard Masengo alifika pia. Namna yao ya kupiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada ilienea kama desturi mpya ya mavazi. Akina George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, waliichukua gitaa kavu wakaigeuza kwa mapigo ya kwao magharibi mwa Kenya.

Mwalimu mkubwa kuliko wote, lakini, alikuwa gramafoni. Santuri haimkemei mwanafunzi, haichoki kurudia, na haina kabila. Kijana aliyekuwa na senti za kuinunua, au rafiki mwenye nayo, alirudisha sindano mahali pamoja mara ishirini mpaka akaipata sauti iliyokuwa ikimkimbia. Kwa njia hii mpiga gitaa wa Voi aliweza kuwa mwanafunzi wa mtu wa Katanga ambaye hakuwahi kumwona, na mtu wa Katanga hakujua kamwe kwamba ana mwanafunzi. Jambo hili lina uzito katika kisa cha Fadhili William. Yeye naye hakuwa na darasa wala cheti cha ualimu. Hata hivyo si rahisi kumpata mpiga nyuzi wa Afrika aliyefundisha watu wengi zaidi wimbo mmoja.

Wimbo huo, bila shaka, ni "Malaika". Fadhili William aliurekodi akiwa na bendi yake ya Jambo Boys mnamo mwaka 1960, na akaurekodi tena mwaka 1963 kwa Equator Sound Studios ya Charles Worrod, Nairobi. Studio hiyo ilikuwa na bendi yake, Equator Sound Band, na Fadhili William ndiye aliyekuwa kiongozi wake. Humo walipita Daudi Kabaka, Nashil Pichen na Peter Tsotsi kutoka Zambia, na Charles Ssonko kutoka Uganda. Orodha hiyo pekee yatosha kumwonyesha msomaji kwamba Kiswahili cha nyimbo zile kilikuwa lugha ya kazi ya watu ambao wengi wao hawakunyonya nayo. Mdawida aliimba pamoja na Mluhya, Mganda na Mzambia, na kila mmoja aliacha kitu mlangoni alipoingia studioni. Huenda ndiyo maana Kiswahili chao ni chepesi, hakina misamiati ya ndani ya Lamu wala Pemba, na kinaeleweka na kila mtu kuanzia Kigoma hadi Kisumu. Wahakiki waliolelewa kwenye diwani wamekiita wepesi huo umaskini. Hiyo ni hukumu ya haraka.

Na tuutazame wimbo wenyewe kama maandishi. Una beti tatu fupi, na kila ubeti hufunga kwa namna ile ile, kwa kibwagizo kinachorudisha shida moja isiyotatulika: kijana anapenda, angeoa, lakini hana uwezo. Ubeti wa kwanza humwita mpenzi malaika. Wa pili unalaumu fedha. Wa tatu unamwita ndege mdogo. Mbingu, soko na mwitu: mwimbaji anapita katika nyanja zote tatu akitafuta mahali ambapo pendo lake lingewezekana, na kila mara anarudishwa pale pale na kibwagizo. Huu si utunzi wa mtu asiyejua kujenga. Ubeti wa fedha umewekwa katikati, na jambo hilo si la bahati. Umewekwa hapo kama kizingiti, baina ya malaika asiyefikika na ndege asiyeshikika.

Kuna jambo jingine ambalo, ajabu, halijatiliwa maanani. Wimbo unatumia maneno mawili kwa kitu ambacho msikilizaji wa ng'ambo hukidhania kimoja. Panatajwa pesa na panatajwa mali. Kwa mtu wa mjini leo maneno haya yanakaribiana. Kwa mtu aliyetoka mlimani miaka ya 1940 na 1950 yalitofautiana sana. Mali ni ng'ombe, mbuzi na shamba. Ni kitu ambacho baba na wajomba hukitoa kwa ajili ya kijana, na kinapotoka kinawafunga wakwe na wakwe kwa miaka mingi. Pesa ni mshahara wa mkonge, wa bandarini au wa reli. Kijana huipata peke yake na huipoteza peke yake. Mwimbaji wa "Malaika" amekwama kati ya uchumi huu na ule. Mali hana, kwa kuwa ameuacha mlima au mlima umemwacha; pesa zinamsumbua, kwa kuwa hazitoshi kununua kile ambacho zamani hakikununuliwa. Wanaouita wimbo huu wa mapenzi tu hawakukosea. Lakini ni wimbo wa mapenzi uliotungwa kwenye kituo cha treni, kwa maana ya kwamba anayeimba ameshaondoka na bado hajafika.

Tofauti hiyo ilipotea wimbo ulipovuka bahari, na haikuwa rahisi isipotee. Miriam Makeba ndiye aliyeueneza kuliko yeyote. Aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika santuri yao ya mwaka 1965, na akaendelea kuuimba jukwaani kwa miongo mingi. Pete Seeger aliuimba. Kundi la Boney M. liliutoa mwaka 1981 kwa mapigo ya disko. Angélique Kidjo aliurekodi katika albamu yake ya mwaka 1991. Katika safari hiyo Kiswahili cha wimbo kilipata majeraha hapa na pale, maana wengi walioimba waliyakariri maneno kwa sauti bila kuyajua. Msikilizaji wa Mombasa huyasikia majeraha hayo, hutabasamu, kisha huendelea kusikiliza.

Jeraha moja, hata hivyo, limezaa maana mpya. Kiswahili humtenga anayeoa na anayeolewa. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na anayegeuza vitenzi hivyo huchekwa au huulizwa anakusudia nini. Wimbo umetungwa kwa kinywa cha mwanamume, kwa kitenzi cha kutenda katika hali ya masharti ya -nge-. Makeba na Kidjo, wanawake wote wawili, walikiacha kitenzi hicho kama kilivyokuwa. Mwanamke basi anasimama mbele ya ukumbi na kusema kwamba angeoa kama si ukosefu wa mali. Mtu anaweza kusema kwamba ni kutojua lugha. Mtu mwingine anaweza kusema kwamba ni desturi ya kale ya mwimbaji kuvaa sauti isiyo yake, kama manju anavyovaa sauti za mashujaa. Lakini katika masikio ya Mswahili kitenzi kile kinafanya kazi bila kuomba ruhusa ya mwimbaji: kinamfanya mwanamke awe ndiye anayepaswa kutoa mahari, na kwa hiyo kinaufichua upuuzi wa mpango wote, kwamba pendo la watu wawili lingoje idadi ya mifugo. Fadhili William hakuliwazia hilo. Wimbo wake uliliwaza baada ya kutoka mikononi mwake.

Na je, ulikuwa wake? Hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu. Fadhili William alishikilia hadi mwisho kwamba ndiye aliyeutunga, na kwamba uliletwa na pendo la ujanani kwa msichana aliyeozwa kwa mtu mwenye uwezo zaidi. Wapo wanaoshikilia kwamba mtunzi ni Adam Salim, mwanamuziki aliyezaliwa Tanganyika mwaka 1916, na kwamba aliutunga Nairobi katika mwaka 1945 au 1946. Jina la Grant Charo, mwanamuziki mwingine wa Kenya, nalo limetajwa. Hakuna anayebisha kwamba Fadhili William ndiye wa kwanza kuurekodi; ubishi ni juu ya kilichotangulia kurekodi.

Mtu akizisoma kwa makini hadithi za wadai wawili wakuu, huona kitu cha kushangaza. Hadithi ya Adam Salim pia ni ya msichana aliyependwa, akazuiwa, akaozwa kwa tajiri. Huenda vijana wawili maskini wa Nairobi, kwa kupishana miaka kumi na tano, walipatwa na msiba ule ule. Mji ule uliwaumiza wengi kwa namna moja. Lakini mhakiki ana wajibu wa kusema pia uwezekano wa pili, kwamba hadithi zimetolewa ndani ya wimbo. Watu walitaka kujua nani ametunga, na wimbo wenyewe ulikuwa tayari umesema mtunzi ni mtu wa namna gani. Kila aliyedai ilibidi afanane naye. Maisha yakaandikwa upya ili yawe sawa na beti tatu. Wasifu wa Waswahili wengi wa kale umejengwa kwa njia hii, na wahariri wa tenzi wanaijua vizuri hatari yake.

Fasihi ya pwani imewahi kuishi na swali hili bila kufadhaika. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zilikaa vichwani mwa watu kwa miongo kadhaa baada ya kifo chake kabla Mwalimu Sikujua na mmisionari W. E. Taylor hawajaziandika, na hazikuchapwa kitabuni na Hichens hadi mwaka 1940. Nani atasema kwa kiapo kwamba kila ubeti katika diwani ile ulitoka kinywani mwa Muyaka jinsi ulivyo? Hata hivyo Muyaka amebaki Muyaka. Albert Lord, katika kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu waimbaji wa tendi, alionyesha kwamba kwa msanii wa simulizi kuimba ndiko kutunga, na kwamba kuutafuta wimbo wa asili nyuma ya matoleo yote ni kutafuta kitu ambacho hakikuwako. Miaka michache baadaye Roland Barthes alitangaza huko Ufaransa kifo cha mwandishi. Kwa kipimo cha Lord, Adam Salim na Fadhili William wote wawili wanaweza kuwa watunzi, kila mmoja kwa usiku wake na gitaa lake. Kwa kipimo cha Barthes, swali lenyewe halina maana.

Vipimo hivyo vinapendeza darasani. Tatizo ni kwamba Fadhili William hakuishi darasani. Aliishi katika biashara ambayo haijui chochote kuhusu Lord, ambamo neno "mtunzi" si istilahi ya uhakiki bali ni mstari kwenye hati unaoamua hundi iende wapi. Aliimba kwa ujira katika zama ambazo mwanamuziki aliweza kulipwa kiasi kidogo mara moja na kuondoka. Sheria ya kwanza ya hakimiliki iliyotungwa na Kenya huru ni ya mwaka 1966, miaka kadhaa baada ya wimbo kurekodiwa. Chama cha kukusanya mirabaha ya wanamuziki, Music Copyright Society of Kenya, kilianzishwa mwaka 1983. Na Kenya ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1993, wakati "Malaika" ilikuwa imekwisha kuzunguka dunia kwa sauti za wengine kwa zaidi ya robo karne. Kuna matoleo ya ng'ambo yaliyouandika kuwa wimbo wa jadi, yaani usio na mtunzi. Kusema kwamba mwandishi amekufa ni rahisi kwa mwandishi ambaye mirabaha yake inafika kwa wakati. Kwa mpiga nyuzi kutoka Dawida, kufutwa kwa jina kulikuwa kufutwa kwa chakula.

Kejeli ya jambo hili imo ndani ya wimbo wenyewe, na haihitaji kusukumwa. Mtu anaimba kwamba amekosa mali. Wimbo unakuwa mali. Na mali hiyo inagombaniwa na kila mtu isipokuwa yule anayelalamika katika ubeti wa pili.

Ingekuwa dhuluma nyingine, hata hivyo, kumfunga Fadhili William katika wimbo mmoja. Aliimba na kurekodi nyimbo nyingine, na katika Equator kazi yake ya kuongoza bendi ilikuwa kazi ya ualimu kwa kila hali isipokuwa jina. Bendi ya studio haina nafasi ya mazoezi marefu. Mwimbaji anakuja na wimbo, pengine anaujua kwa kuupiga mluzi tu. Kiongozi anauwekea gitaa la rithimu, anamwonyesha wa solo mahali pa kuingilia na wa besi mahali pa kunyamaza. Ndipo sahani inachongwa. Mtindo wa twisti wa Nairobi, ambao Daudi Kabaka alijipatia sifa nao na ambao ulipata mapigo yake mengi kutoka kusini mwa Afrika, ulipikwa katika chumba cha namna hiyo. "Helule Helule" ya Kabaka ilirekodiwa upya na kundi la Uingereza, The Tremeloes, mwaka 1968. Wanaotafuta shule ya gitaa ya Kenya ya miaka ya 1960 wangeitafuta pale, kwenye zamu za studio.

Baadaye Fadhili William aliishi Marekani kwa miaka mingi. Kipindi hicho hakina mengi ya kumsaidia mhakiki, ila picha moja: mtu anayeishi katika nchi ambayo watu wake wanaujua wimbo wake wala hawamjui yeye. Alirejea Kenya mwishoni mwa karne, na akafariki Nairobi Februari 2001, akiwa na umri wa miaka 62. Fundi Konde alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Daudi Kabaka alifuata kabla ya mwaka 2001 kwisha. Katika kipindi kisichozidi miezi 18 nyuzi tatu zilikatika, na pamoja nazo maswali mengi ambayo mtafiti mmoja mwenye kinasa sauti angeweza kuyauliza kwa nauli ya basi. Idara za fasihi za vyuo vikuu vya Kenya zilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwa baadhi ya wazee hao. Hili ni la kutia aibu kidogo. Nadharia zilisafirishwa kutoka Paris. Walioimba waliachwa Nairobi.

Reli nayo imebadilika. Treni ya abiria ya njia ya zamani ilikoma mwaka 2017 reli mpya ilipofunguliwa, na Voi sasa ina kituo kingine, kikubwa, nje ya mji wa zamani. Kutoka Ndara njia zote mbili zaonekana. Vijana wa Taita bado huondoka kwa njia hiyo, na wimbo bado unafundishwa: katika kwaya za shule, katika hoteli za watalii ambako mpiga gitaa huulizwa "Malaika" kabla hajamaliza kukaza nyuzi, na katika mikono ya kila anayeanza, maana vishikio vyake ni vichache na mwendo wake ni wa pole. Mwanafunzi hujifunza kwa wimbo huo kubadilisha vishikio vitatu bila kuvunja mapigo. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza katika chombo chenyewe, na maelfu wameipiga kwa mkono wa mtu wa Dawida bila kujua Dawida ni wapi.

Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya mtunzi hudumu kwa maisha yake na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Kama mtunzi wa "Malaika" ni Fadhili William, wimbo ni mali ya warithi wake hadi mwisho wa mwaka 2051. Kama ni mwingine, hesabu ni nyingine. Mwalimu wa kwaya anayejaza fomu ya mashindano hana muda wa kuingoja hesabu hiyo. Mbele yake pana jina la wimbo, jina la shule, idadi ya waimbaji, na nafasi ya mtunzi. Wengi huandika Fadhili William. Nafasi ya kuandika Mdawida huwa ipo, ila haijazwi.